Mawimbi Yakutanapo: Historia ya Kupima kwa Mwingiliano wa Nuru

Mtu akiwasha taa moja chumbani, chumba hupata nuru. Akiwasha ya pili, nuru huzidi. Hivyo ndivyo macho yetu yanavyotufundisha tangu utotoni, na ni vigumu kumsadikisha mtu kwamba nuru ikitiwa juu ya nuru yaweza kuzaa giza. Walakini jambo hili ni kweli. Limethibitishwa kwa muda wa zaidi ya miaka 200, na juu ya msingi wake kimejengwa chombo ambacho hupima mambo madogo kuliko kipimo kingine chochote kilichopata kufanywa kwa mikono ya wanadamu. Wataalamu hukiita chombo hicho intaferometa.

Mwandishi wa makala haya si mtaalamu wa fizikia. Kazi yake ni lugha. Amethubutu kuandika juu ya jambo lililo nje ya shamba lake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba historia ya chombo hiki ni nzuri yenyewe, na haijulikani sana kwa wasomaji wetu. Ya pili ni kwamba mara nyingi amesikia wanafunzi wake, na hata baadhi ya wenzake, wakidai kuwa elimu ya namna hii haielezeki kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha yetu haina mawazo yake. Dai hilo laonekana kwake kuwa si la haki. Njia iliyo bora ya kulijibu si kubishana, bali ni kueleza, kisha msomaji ahukumu mwenyewe.

1. Bamvua, maji mafu, na bandari ya Batsha

Yafaa tuanze pwani. Kila mvuvi ajua kwamba maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili katika mchana na usiku wake, na kwamba kujaa huko si sawa siku zote. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na miamba ambayo haikuonekana kwa siku nyingi huachwa wazi. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu: bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo, kana kwamba imechoka.

Sababu yake ni kwamba bahari haivutwi na mwezi peke yake. Jua nalo huivuta, ijapokuwa nguvu yake katika jambo hili haifiki nusu ya nguvu ya mwezi. Basi kuna mawimbi mawili makubwa yatembeayo baharini, moja la mwezi na moja la jua. Yakipanda pamoja, urefu wa moja hujumlishwa na urefu wa jingine. Hiyo ndiyo bamvua. Likipanda moja wakati jingine linaposhuka, moja hupunguzwa na jingine. Hayo ndiyo maji mafu. Laiti nguvu za jua na mwezi zingalikuwa sawa kabisa, siku za maji mafu bahari isingalipanda wala kushuka.

Hali iliyokaribia hiyo ilisimuliwa na mabaharia wa Kiingereza katika karne ya 17. Katika bandari ya Batsha, kwenye ghuba ya Tonkin iliyo kaskazini ya nchi iitwayo sasa Vietnam, waliona maji yakijaa mara moja tu kwa siku badala ya mara mbili, na kwamba ziko siku ambazo hayakusogea hata kidogo. Edmond Halley alizitangaza habari hizo mwaka 1684, na Isaac Newton akazieleza katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687. Alisema kwamba pengine maji yafika bandarini kwa njia mbili: moja kutoka bahari ya China kwa safari ya saa 6, na moja kutoka bahari ya Hindi kwa safari ya saa 12. Njia moja yaleta kujaa wakati ile ya pili yaleta kupwa, na mawili hayo huondoana. Wataalamu wa baadaye wameyaeleza maji ya ghuba hiyo kwa sababu nyingine, zitokanazo na umbo la ghuba yenyewe. Hata hivyo wazo la Newton halikupotea. Lilikaa kitabuni kwa zaidi ya miaka 100 likimngoja mtu atakayelihamisha kutoka katika maji na kulitia katika nuru.

2. Thomas Young na kipande cha karata

Mtu huyo alikuwa Thomas Young, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1773. Alikuwa tabibu kwa kazi, lakini akili yake haikutulia mahali pamoja. Wanalughawia tunamkumbuka kwa kuwa yeye ndiye aliyetunga, mwaka 1813, jina la jamii ya lugha za Kihindi-Kizungu. Na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza waliofungua siri ya maandishi ya Misri ya kale. Wanafizikia humkumbuka kwa jambo jingine.

Wakati ule wataalamu wengi, kwa kufuata mafundisho ya Newton, waliamini kuwa nuru ni chembe ndogo zirukazo kama risasi. Young aliona kwamba iwapo nuru ni mawimbi, basi hapana budi ifanye kama ifanyavyo bahari: mahali pengine iwe na bamvua yake, na mahali pengine maji mafu. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakulipata wazo hilo kwa mwandishi yeyote aliyemjua, isipokuwa dokezo chache katika vitabu vya Robert Hooke, na yale maelezo ya Newton juu ya maji ya Batsha.

Mwezi wa Novemba mwaka 1801, na tena Novemba 1803, alisoma hoja zake mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London. Jaribio alilolitoa mara ya pili lilikuwa jepesi ajabu. Alitoboa tundu kwa sindano katika kizuizi cha dirisha, akapitisha mwali mwembamba wa jua. Kisha akasimamisha ndani ya mwali huo kipande cha karata kisichofika upana wa milimita moja, kikaugawa mwali pande mbili. Nyuma ya karata, mahali ambapo pangetazamiwa kivuli kitupu, aliona milia: mstari wa nuru, mstari wa giza, mstari wa nuru, mstari wa giza. Alipoiziba nuru ya upande mmoja wa karata, milia ndani ya kivuli ilitoweka, ingawa nuru ya upande wa pili ilikuwa ingali ikipita kama kwanza. Basi milia ile haikutokana na upande mmoja wala na wa pili, ila na kukutana kwa pande zote mbili.

Hakupokewa vizuri. Makala zisizo na jina la mwandishi, ambazo ilijulikana kuwa ni za Henry Brougham, zilimshambulia kwa maneno makali katika gazeti la Edinburgh Review, zikasema kwamba kazi yake haina thamani yoyote. Young alichapa kijitabu cha kujitetea, na husimuliwa kwamba iliuzwa nakala moja tu. Ilibidi aje Mfaransa Augustin Fresnel, kuanzia mwaka 1815, ayape mawimbi ya nuru hesabu kamili ambayo wapinzani hawakuweza kuikwepa.

Hapa mtu wa lugha ana neno la kusema. Jina alilolichagua Young kwa Kiingereza kuita tendo hili lina asili katika Kifaransa cha zamani, na maana yake ya kwanza ni kupigana au kugongana. Lilitumiwa hata kwa farasi atembeaye akagonganisha miguu yake. Jina hilo limezoeleka, lakini picha yake si sahihi. Mawimbi hayagongani. Tupa mawe mawili katika kidimbwi kilichotulia, utazame duara mbili za mawimbi zikikutana: kila moja hupita ndani ya nyingine, na baada ya kupitana huendelea na safari yake kana kwamba haikukutana na kitu. Ni pale tu zinapokutana ndipo maji hupanda maradufu au hulala. Kiswahili husema mawimbi *huingiliana*, yaani moja huingia ndani ya jingine na jingine ndani ya hilo. Neno mwingiliano, basi, si tafsiri dhaifu ya jina la kigeni. Lasema kweli zaidi kuliko jina lenyewe.

3. Namna chombo kifanyavyo kazi

Young alionyesha kwamba milia ipo. Aliyeifanya kuwa kipimo kamili ni Albert Abraham Michelson, aliyezaliwa mwaka 1852 katika mji mdogo wa Strelno, ulio sasa katika nchi ya Poland, akapelekwa Marekani angali mtoto, na akasoma katika chuo cha jeshi la majini huko Annapolis.

Chombo chake chaelezeka kwa maneno machache. Chukua kioo kilichopakwa fedha kwa uchache sana, hata nusu ya nuru ipenye na nusu irudishwe. Kisimamishe kwa mshazari mbele ya taa. Nuru ikikifikia hugawanyika mara mbili: nusu moja huenda mbele, na nusu ya pili hugeuka kwenda upande. Kila nusu hukuta mwisho wa njia yake kioo kizima cha kuirudisha. Zikirudi hukutana tena kwenye kioo cha kwanza, kisha huenda pamoja mpaka kwenye jicho la mtazamaji. Ni nuru moja iliyotenganishwa, ikasafirishwa kwa njia mbili, ikakutanishwa tena.

Ikiwa safari mbili zilikuwa sawa, mawimbi hurudi yakipanda pamoja, na mtazamaji huona nuru kali. Ikiwa njia moja imezidi nyingine kwa nusu ya urefu wa wimbi, wimbi moja hupanda wakati jingine lashuka, na mtazamaji huona giza. Kwa kuwa vioo haviwi sambamba kabisa, jicho huona hali zote mbili kwa zamu, kama milia. Sasa sogeza kioo kimoja kwa nusu ya urefu wa wimbi tu: mlia mmoja huondoka na mwingine hushika mahali pake. Urefu wa wimbi la nuru ni kiasi cha nusu ya sehemu moja katika elfu ya milimita. Kwa hiyo mtu ahesabuye milia ipitayo mbele ya jicho lake hupima mwendo ambao hakuna rula iwezayo kuuonyesha.

Nakumbuka nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, rafiki yangu mmoja aliyesomea fizikia alinipeleka usiku katika maabara yake nikaangalie milia hiyo. Akaniambia nikaribishe kiganja changu kwenye njia moja ya nuru, bila kugusa kitu. Nilifanya hivyo, na milia ikaanza kutambaa polepole kama jongoo. Vuguvugu la mkono wangu lilikuwa limeipasha hewa moto kidogo, na nuru ikapita ndani yake kwa mwendo uliobadilika kwa kiasi kisichosemeka, lakini milia ilikiona. Siku hiyo ndipo nilipofahamu kwa nini watu wazima waliyatoa maisha yao kwa chombo hiki.

4. Jibu la sifuri

Michelson alikitengeneza chombo kwa ajili ya swali moja kubwa. Wataalamu wa karne ya 19 walisema kwamba wimbi haliwezi kuwako bila kitu cha kulibeba: wimbi la bahari hubebwa na maji, na sauti hubebwa na hewa. Basi nuru itokayo kwenye jua na nyota yabebwa na nini? Walikipa kitu hicho jina la etha, wakasema kimejaa pote. Iwapo ni hivyo, dunia izungukayo jua kwa mwendo wa kilomita 30 kila sekunde yakata etha kama jahazi likatavyo maji, na abiria wake hawana budi kupata upepo wa etha usoni. Nuru iendayo mkabala wa upepo huo na kurudi itachelewa kidogo kuliko ile iendayo kukingama. Mwendo wa nuru ni kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo tofauti iliyotafutwa ilikuwa kiasi cha sehemu moja katika milioni 100.

Alijaribu mara ya kwanza mwaka 1881 huko Ujerumani. Mjini Berlin magari ya farasi yalikitikisa chombo hata hakikufaa, akakihamishia Potsdam. Na huko nako, aliandika, mtu akikanyaga kwa nguvu njia iliyo umbali wa mita 100 hivi, milia ilipotea. Hakuona upepo wowote. Lakini hesabu yake ilikuwa na kosa lililoonyeshwa na wenziwe, na jaribio halikutosha kumaliza neno.

Mwaka 1887, katika mji wa Cleveland huko Marekani, alirudia pamoja na Edward Morley. Walichukua jiwe zito la mraba, upana wake mita 1.5 na unene wake kiasi cha sentimita 30, wakaliweka lielee juu ya zebaki ili lizunguke polepole bila kutikisika. Juu ya jiwe walipanga vioo vya kuirudisha nuru mara nyingi, hata kila njia ikawa na urefu wa mita 11. Walitazamia kwamba jiwe likizungushwa, milia itasogea kwa sehemu 4 katika 10 za upana wake. Mwezi wa Julai walitazama kwa siku kadhaa, adhuhuri na jioni. Milia haikusogea ipasavyo. Mwendo waliouona, kama upo, ulikuwa mdogo kuliko sehemu moja katika 20 ya ule uliotazamiwa.

Michelson na Morley hawakushangilia. Walikuwa wameazimia kulirudia jaribio kila baada ya miezi mitatu ili kuipima dunia katika pande zote za mzunguko wake, lakini hawakuendelea. Kwao lilikuwa ni jambo lililoshindikana. Hata hivyo waliuchapa ukweli kama walivyouona, bila kuupinda ili upatane na matumaini yao, na hapo ndipo penye heshima yao. George FitzGerald mwaka 1889 na Hendrik Lorentz mwaka 1892 walitafuta namna ya kuiokoa etha kwa kusema kwamba vitu hufupika viendapo. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kuwa etha haihitajiwi, na kwamba mwendo wa nuru katika utupu ni mmoja kwa kila mtazamaji. Wanahistoria wangali wakijadiliana ni kiasi gani jaribio la Cleveland lilimwongoza. Lisilo na shaka ni kwamba jibu la sifuri, lililopimwa kwa uaminifu, lilibomoa jengo ambalo mia za vitabu zililiegemea.

5. Mita na nyota

Chombo kilichoshindwa kuiona etha kilifaulu katika mengine. Mwaka 1892 Michelson aliitwa Sèvres, karibu na Paris, palipohifadhiwa fimbo ya madini iliyokuwa mita ya mataifa yote. Akaipima kwa mawimbi ya nuru nyekundu ya kadimiamu, akapata kwamba mita moja ni mawimbi 1,553,163.5. Fimbo yaweza kuungua au kuibiwa, lakini wimbi la nuru haliibiki. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, Mmarekani wa kwanza kuipata tuzo hiyo katika sayansi. Mwaka 1960 mataifa yaliiacha fimbo, yakaieleza mita kwa mawimbi 1,650,763.73 ya nuru ya kriptoni. Na tangu mwaka 1983 mita huelezwa kwa mwendo wa nuru yenyewe.

Kisha akaielekeza milia mbinguni. Nyota, hata katika darubini kubwa, ilikuwa nukta tu isiyopimika. Mfaransa Hippolyte Fizeau alikuwa amedokeza mwaka 1868 kwamba nuru ya nyota ikipokewa kwa matundu mawili hufanya milia, na kwamba matundu yakizidi kuachana, milia hufifia na kupotea. Umbali ipoteapo hutoa upana wa nyota. Usiku wa tarehe 13 Desemba 1920, juu ya mlima Wilson huko California, Francis Pease na John Anderson walitumia njia ya Michelson kwa vioo viwili vilivyofungwa kwenye boriti ya chuma juu ya darubini. Walipima nyota nyekundu ya kundi la Orion. Milia yake ilipotea vioo vilipoachana kwa mita 3 hivi. Ukigawa digrii moja mara 3,600, upana wa nyota hiyo ulikuwa sehemu 47 katika 1,000 za kimoja cha vipande hivyo: ni kama sarafu ya sentimita mbili na nusu itazamwayo kutoka umbali wa kilomita 110. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanadamu kuupima upana wa nyota isiyokuwa jua letu.

Wazungu huiita nyota hiyo Betelgeuse. Wataalamu wa majina ya nyota husema kwamba asili yake ni Kiarabu, yad al-jawza, mkono wa Jauza. Mnakili wa Ulaya aliisoma ya kama ba, kwa kosa la nukta moja. Aliyepata kusoma tenzi zetu katika hati za Kiarabu hatashangaa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili elimu hii ilihamia katika mawimbi ya redio. Mapema mwaka 1946, juu ya jabali la Dover Heights huko Sydney, Joseph Pawsey, Ruby Payne-Scott na Lindsay McCready waliifanya bahari yenyewe kuwa kioo: mawimbi ya redio ya jua yalifika moja kwa moja, na mengine yalifika baada ya kurudishwa na maji, nayo yakaingiliana. Mwaka huo huo Martin Ryle na Derek Vonberg walianza kazi yao huko Cambridge. Kuanzia mwaka 1967 darubini zilizo mbalimbali sana ziliweza kuunganishwa bila waya; kila moja iliandika mawimbi yake pamoja na saa ya atomu, na maandishi yakakutanishwa baadaye. Kwa njia hiyo darubini nane zilizotapakaa duniani zilitazama pamoja mwezi wa Aprili 2017, na tarehe 10 Aprili 2019 ulimwengu ukaonyeshwa picha ya kivuli cha shimo jeusi katika kundi la nyota liitwalo M87, umbali wa miaka milioni 55 ya mwendo wa nuru.

6. Jiwe la Cleveland lapata mrithi

Einstein alikuwa amesema mwaka 1916 kwamba mvutano nao una mawimbi, yanyooshayo na kufupisha kila kitu yapitapo, lakini kwa uchache usiofikirika. Chombo cha kuyatafuta kilikuwa kile kile cha Michelson: kioo kigawacho nuru, njia mbili zenye pembe mraba, vioo vya kurudisha. Tofauti ni ukubwa. Katika vituo viwili vya Marekani, Hanford na Livingston, kila njia ina urefu wa kilomita 4, na nuru hupita ndani ya mabomba yasiyo na hewa ikirudishwa mara 300 hivi. Tangu mwaka 2002 hadi 2010 chombo kilisikiliza kisisikie kitu. Wenyewe hawakukata tamaa, walikitengeneza upya.

Tarehe 14 Septemba 2015 milia ilisogea Livingston, na baada ya sehemu 7 katika elfu za sekunde ikasogea Hanford. Njia ya kilomita 4 ilikuwa imebadilika kwa kiasi kidogo mno kuliko upana wa protoni. Mashimo meusi mawili yalikuwa yameungana kuwa moja, kiasi cha miaka bilioni 1.3 iliyopita, na habari yake ndiyo kwanza ifike. Mwaka 2017 Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne walipewa Tuzo ya Nobel.

7. Milia juu ya Gelai

Msomaji aweza kuuliza kama mambo haya yanatugusa. Yatugusa, tena chini ya nyayo zetu. Setilaiti yenye rada hupeleka mawimbi chini na kuyapokea yakirudi. Ikipita tena mahali pale pale baada ya wiki kadhaa, mapokeo ya mara mbili hukutanishwa kama nuru mbili za Michelson. Ikiwa ardhi haikusogea, picha hutulia. Ikiwa imepanda au imeshuka, hutokea milia ya rangi. Kwa rada yenye wimbi la sentimita 5.6, kila mlia ni mwendo wa sentimita 2.8.

Mwezi wa Julai 2007 matetemeko mfululizo yalizuka kaskazini ya Tanzania, karibu na ziwa Natron na mlima Gelai. Lililo kubwa, la tarehe 17 Julai, lilikuwa la kipimo cha 5.9, na watu wa Nairobi waliokuwa katika majumba marefu walitoka mbio. Mwanzoni mwa Septemba mlima wa jirani, Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, ulilipuka. Picha za rada zilipokutanishwa zilionyesha milia iliyosongamana juu ya Gelai: ardhi ilikuwa imesogea kwa makumi ya sentimita, kwa sababu mawe yaliyoyeyuka yalijipenyeza kama kabari ndani ya ufa chini kwa chini, bila kutokea juu. Kwa njia hiyo hiyo wataalamu waligundua kwamba milima ya Kenya iliyodhaniwa imelala hupumua: Longonot ulipanda kiasi cha sentimita 9 kati ya miaka 2004 na 2006, na Paka kiasi cha sentimita 21 kati ya 2006 na 2007. Wachungaji waliokuwa wakipanda na kushuka mteremko huo hawakuhisi kitu.

Hili ni jambo la maisha na mauti. Chini ya milima hiyo pana miji, mashamba, na visima vya mvuke vitoavyo umeme. Watakaozisoma picha za milia hiyo ni vijana wetu, na watakaoonywa ni wazee wetu. Na onyo lisilofahamika kwa lugha ya mtu ni sawa na onyo lisilotolewa.

8. Hitimisho

Tumetoka katika maji ya Batsha mpaka kwenye mashimo meusi, na tumefuata wazo moja tu: gawa wimbi, lisafirishe kwa njia mbili, likutanishe tena, kisha usome tofauti ya safari zake. Katika kueleza hayo tumetumia maneno bamvua na maji mafu, wimbi, kuingiliana, milia, mshazari, kukingama. Hakuna hata moja lililotungwa kwa ajili ya makala haya. Maneno machache tumeyaazima, kama intaferometa, rada na setilaiti, wala hapana aibu. Nuru na zebaki nazo zilitujia kwa njia ya Kiarabu, na leo hakuna azionaye kuwa ngeni.

Lugha hunyimwa elimu na wale waonao haya kuitumia, si na upungufu wake. Mwalimu wa fizikia afundishaye pwani hana haja ya kuanza somo la mwingiliano kwa fasili ya kitabuni. Awapeleke wanafunzi ufuoni siku ya mwezi mpevu, awapeleke tena baada ya siku saba, awaulize tofauti waliyoiona na sababu yake. Watakaporudi darasani watakuwa na lile wazo ambalo Young aliliokota katika kitabu cha Newton, na watakuwa wamelipata kwa lugha yao.